Akiba Isiyofikika

Methali yetu inasema akiba haiozi. Nimekua nikiisikia bila kuihoji, labda kwa sababu kuhoji akiba mbele ya wazazi waliowahi kupanga foleni ya sukari ni kukosa adabu. Lakini methali hii inadai jambo, na dai linaweza kupimwa. Je, ni kweli akiba haiozi? Na ikioza, hasara ni ya nani?

Mahali pazuri pa kulipimia dai hili ni banda la gari. Simaanishi gereji ya mafundi kule barabarani. Nasema lile banda dogo la uani, lililojengwa kando ya nyumba kubwa kwa ajili ya gari la familia. Nyumba nyingi za zamani mjini Tanga zinalo. Gari likishauzwa, banda huanza kupokea vitu vingine: mbao zilizobaki, pampu mbovu, baiskeli isiyo na mnyororo, kopo la rangi lililofunguliwa mara moja. Mlango hutiwa kufuli. Baada ya miaka michache anayejua kilichomo ni mwenyewe tu, naye anakumbuka nusu.

La kwetu lilikuwa hivyo. Baba alistaafu ufundi wa reli, na karibu kila kitu alichowahi kukitengeneza, au alichotarajia kukitengeneza, kilikuwa humo. Mdogo wangu naye alikuwa na cheti cha useremala kutoka VETA na hakuwa na pa kufanyia kazi. Alirandia mbao chini ya mwembe, na mvua ikinyesha kazi ililala. Alichohitaji ni paa, taa na meza imara, na vyote vingepatikana hatua 20 kutoka kitandani kwake. Alipomwomba Baba lile banda, Baba hakukataa. Alisema tu, "Subiri kwanza mwanangu. Vile vitu vina kazi."

Ni rahisi kwa kizazi chetu kuicheka kauli hiyo. Tumezoea kuambiwa kwamba nyumba iliyojaa ni akili iliyojaa. Mwandishi wa Kijapani Marie Kondo amewafundisha mamilioni ya watu kukishika kila kitu mkononi na kujiuliza kama kinawapa furaha, kisichowapa, wakiage. Ni swali zuri, lakini ni la mtu mwenye uhakika kwamba akikitupa kitu leo, kesho atakikuta dukani na pesa ya kukinunulia anayo. Bolti haimpi mtu furaha. Humpa nafuu, tena siku moja tu katika miaka 10, siku ambayo pampu imekatika na maji hakuna.

Baba na wenzake walijifunza hilo kwa shida. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari na mafuta ya kupikia viliadimika Tanzania nzima. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi na walanguzi waliodaiwa kuficha bidhaa. Hapo kuna fumbo ambalo kila familia ililijua. Katoni ya sabuni iliyofichwa stoo ya duka iliitwa ulanguzi. Miche miwili iliyofichwa uvunguni mwa kitanda iliitwa akiba. Kitendo ni kile kile cha kuficha. Kwa nini basi mmoja alaaniwe na mwingine asifiwe?

Nadhani jibu haliko kwenye wingi peke yake. Mlanguzi anaficha kitu ili wengine wakikose, apate kukiuza kwa bei anayoitaka. Mweka akiba anaficha ili watu wake wasikikose. Kinachoifanya akiba iwe akiba ni watu inaowangoja. Ukiwaondoa hao, au ukiwafungia mlango, kinachobaki ni rundo la vitu.

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika, mwishoni mwa karne ya 17, kwamba mtu ana haki ya kujitwalia katika maumbile kiasi anachoweza kukitumia kabla hakijaharibika. Kinachozidi hapo ni fungu la wengine. Aliona pia kwamba fedha na dhahabu zilibadilisha mambo, kwa kuwa haziozi, na kisichooza mtu anaweza kukilimbikiza bila kikomo. Kwa maneno mengine, Locke naye alikuwa na "akiba haiozi" yake.

Lakini Locke hakuwahi kuweka misumari karibu na bahari ya Tanga. Tulipolifungua lile banda, misumari ilikuwa imeshikana kwa kutu ikawa bonge moja. Mfuko wa saruji ulikuwa umeganda jiwe. Mbao za msonobari zilikuwa zimeliwa na mchwa kwa ndani, zimebaki maganda. Mbao za mvule zilikuwa nzima. Jiliwa zito la chuma lilifunguka baada ya kupakwa mafuta na kusubiriwa siku mbili. Randa, patasi na tupa zilihitaji kunolewa na kusafishwa tu. Nusu ya akiba ilikuwa imeoza, na nusu iliyosalimika ilikuwa ni vifaa vile vile ambavyo mdogo wangu alikuwa akiviazima mtaani.

Swali gumu zaidi lilikuwa nani aamue kipi kitoke. Watoto kumsafishia mzee vitu vyake mbele ya macho yake ni kama kugawa mirathi mwenyewe akiwa hai. Tulifuata utaratibu uliotoka katika viwanda vya Japani, ambao hospitali za umma nchini Tanzania nazo zimeutumia kwa majina ya Kiswahili: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ndani yake mna desturi moja ninayoiona kuwa ya kiutu. Kitu chenye mashaka hakitupwi. Kinafungwa kitambulisho chekundu chenye tarehe na kuwekwa kando. Muda uliokubaliwa ukipita bila mtu kukihitaji, kinaondoka. Sisi tulikubaliana miezi 6, na tarehe aliziandika Baba mwenyewe.

Alikaa kwenye kiti mlangoni, tukimpelekea kitu kimoja kimoja. Macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hiyo alivitambua vingi kwa vidole. Springi hii ni ya wapi, spana ile iliachwa na nani, kwa nini tupa ile isitumike kwenye shaba. Mdogo wangu akawa anaandika na kubandika lebo. Hapo nikaelewa akiba kubwa ilikuwa ipi, na ilivyokuwa karibu kupotea. Hakuna kufuli linalotunza ujuzi wa mtu mmoja.

Marekebisho yenyewe hayakuwa makubwa. Tulitoboa dirisha na matundu ya hewa chini ya bati. Fundi umeme aliyesajiliwa alivuta waya kutoka nyumbani ndani ya bomba lililofukiwa ardhini, akaweka swichi ya peke yake na waya wa ardhi. Petroli na makopo ya rangi yalihamishwa nje, mbali na cheche. Meza ya kazi ilijengwa kwa mvule ya Baba. Ukutani mdogo wangu alitundika ubao, akachora umbo la kila kifaa mahali pake, ili kikitoka, nafasi tupu iseme ni kipi hakijarudi.

Michoro ile ndiyo inayotofautisha stoo na karakana. Katika stoo mwenye kumbukumbu ndiye pekee anayeweza kufanya kazi. Karakana iliyopangwa inampokea hata asiyejua lolote.

Ila mpangilio nao haumalizi maswali. Siku hizi vijana wa jirani huja kuazima randa, na mdogo wangu husita, maana amewahi kurudishiwa patasi yenye pengo. Ana haki ya kulinda kinachomlisha. Lakini kila jioni anapolitia banda kufuli, Baba humwuliza kutoka barazani kama kuna mtu aliyekuja akaondoka mikono mitupu.