Pabaya na Kubaya

Katika lugha yetu neno mahali halina ndugu. Nomino nyingine zimepangwa pamoja katika ngeli zao, watu na watu, miti na miti. Hili limeachiwa ngeli yake peke yake, na humo linatawala sentensi nzima: mahali pale pabaya palinichosha. Kisha lugha ikaongeza maarifa mengine. Panapojulikana na kuonekana hutajwa kwa pa. Kusikojulikana mipaka yake hutajwa kwa ku. Na ndani ya kitu hutajwa kwa mu. Aliyeinama juu ya kisima kilichokauka husema, "Hapa pabaya." Asiyewahi kufika husema, "Kule kubaya." Sisi tunaofanya kazi ya kutarjumi twajua jinsi tofauti hii inavyopotea njiani, kwa kuwa Kiingereza hakina njia nyepesi ya kuibeba.

Nimeileta sarufi hii kwa sababu ya mazungumzo ambayo kila msomaji wa pwani ameyasikia barazani: watu wakishindana kutaja mahali pabaya kuliko pote walipopata kuishi au kupita. Kusini hakukosi kutajwa. Nachingwea, Ruangwa, Liwale: majina haya, kwa mtumishi wa serikali wa miaka iliyopita, yalikuwa kama hukumu. Aliyepata barua ya kuhamishiwa huko alipewa pole kama mfiwa, na wenzake waliulizana amemkosea nani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika yakishika barabara ilikatika, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikabaki kama kisiwa. (Sisi wa visiwani tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa maana ya kuwa kisiwa, lakini sikumbuki kama tuliwahi kuwasemea.)

Basi swali ni hili: ubaya wa mahali uko wapi? Katika udongo, katika yaliyotendwa juu yake, au katika mguu wa aliyepelekwa bila ya kutaka?

Tuanze na udongo, maana ndio unaoshtakiwa kwanza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha Tanganyika ule Mpango wa Karanga. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Nachingwea ilitarajiwa mengi: kwa ajili yake ilijengwa bandari ya Mtwara yenye kina kirefu, na reli ikalazwa kutoka pwani kuingia bara. Matrekta yalishushwa, na hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa miti. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Waliorudi kwao walilaumu ardhi: mvua zisizotabirika, mbung'o, mizizi iliyovunja majembe ya chuma. Hayo yote yalikuwepo. Lakini Wamwera walikuwa wakilima nchi hiyo hiyo kabla ya trekta la kwanza kufika, kwa jembe la mkono, wakijua bonde lipi lipandwe nini na mwaka upi uachwe upumzike. Kilichokufa Nachingwea ni hesabu iliyopigwa London kwa ku, na watu waliotazama ramani wakaona nafasi tupu. Ardhi haikuwahi kuahidi karanga hizo.

Pengine msomaji atasema: sawa, udongo hauna hatia, ubaya ni wa matendo. Hapo ndipo Nachingwea hunitia mashaka zaidi. Katika miaka ya 1960 kikundi cha ukombozi cha Msumbiji, Frelimo, kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilipewa hapo kambi yake kuu ya mafunzo. Vijana waliovuka Ruvuma bila ya viatu walijifunza humo kusoma, kulima na kushika bunduki. Kwao Nachingwea palikuwa mahali pa kuzaliwa mara ya pili. Ndipo mtu wa kabila moja alipojifunza kumwita wa kabila jingine ndugu. Kutoka hapo, mwezi Mei mwaka 1975, Samora Machel aliianza safari ya kuvuka Ruvuma kwenda kusimamisha bendera ya nchi huru.

Na mwaka huo huo wa 1975, katika kambi hiyo hiyo, Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa Frelimo, alisimamishwa mbele ya umati asome maungamo yake. Joana Simeão naye alikuwa miongoni mwa wafungwa walioonyeshwa. Baadaye waliuawa nchini Msumbiji bila ya kufikishwa mahakamani. Ukiwauliza wapiganaji wa zamani, Nachingwea ni mahali patakatifu. Ukiwauliza watoto wa Simango, sidhani utalipata neno hilo. Tumwamini nani? Nionavyo mimi, wote wawili wanasema kweli. Utakatifu wa kwanza haulipi deni la pili, wala deni hilo halifuti kusoma na kuandika kwa wale vijana. Anayetaka mahali pawe na jina moja tu, jema au baya, anataka mmojawapo wa mashahidi anyamaze.

Nasi tusijifiche nyuma ya Wareno na Waingereza. Karne nzima ya kumi na tisa watu wa nchi ya kusini, Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo, walipitishwa kwa miguu hadi Kilwa, na wengi wao wakaishia Mkunazini, Unguja, penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Mmoja wao angeulizwa mahali pabaya kuliko pote alipopata kuishi, asingeitaja Nachingwea. Angetutaja sisi, visiwa vya karafuu na mashairi. Jambo hili sijaliona likisemwa vya kutosha katika tungo zetu zinazousifu upepo wa kusi na harufu ya mji.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaohitimisha upesi kuwa hakuna mahali pabaya, kuna macho mabaya tu. Hiyo ni falsafa ya mwenye bomba nyumbani. Mwanamke wa kijiji cha Ruangwa anayeamka usiku kuwahi foleni ya ndoo akisema hapa pabaya, hajadanganywa na macho yake. Amesema kwa pa, naye ana haki ya kusema. Kumjibu kwamba nchi yake ni nzuri, ina korosho, ina ufuta, ina madini ya kinywe chini ya ardhi, ina timu ya Namungo iliyopanda Ligi Kuu, na ilimtoa Waziri Mkuu aliyekaa madarakani tangu 2015 hadi 2025, ni kumjibu jambo asiloliuliza. Yeye ameuliza maji.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, wakashukia Lindi, wakashika njia ya bara. Nia ilikuwa kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, si mbali na Nachingwea ya leo, wakasita, wakataka kubaki. Milima ya mawe, maji haba, na vita vya Wangoni karibu. Mwaka 1882 wakashambuliwa na baadhi yao wakachukuliwa tena mateka. Waliosalimika wangeweza kurudi Unguja, kwenye minazi na samaki. Wengi hawakurudi.