Ufasaha na Amana katika Kumwandikia Mjumbe

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Amma baad:

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 119, imempa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Na sheria ya mwaka 2012 ikampa haki hiyo mbele ya bunge la kaunti pia. Mnyonge amefunguliwa mlango. Walakini yapasa kuulizwa: je, mwenye haki aruhusiwa kukuza maneno ili asikilizwe?

Wako wasemao kwamba mjumbe huletewa barua nyingi, na asiyezidisha hasomwi. Tena nia ni njema. Hoja hii ina sura nzuri, na ndani yake mna hatari. Katika hadithi iliyopokewa na Ummu Salama, nayo imo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwaonya waliogombana mbele yake kwamba huenda mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenziwe, akahukumiwa kwa aliyoyasema, na kumbe alichopewa ni haki ya nduguye, nacho ni kipande cha moto.

Na utazamwe mji wenye visima vitatu, kimoja kimeingia chumvi. Mwandishi akisema vyote vimeharibika, fedha ya kaunti haiongezeki kwa maneno yake. Mji wa jirani, wenye kisima kimoja nacho kimekauka, ndio utakaonyimwa zamu. Hakumdanganya mjumbe peke yake: amewanywesha watu wake maji ya jirani. Na ikiwa wenziwe wametia sahihi, amewafanya mashahidi wa uwongo.

Basi barua iende kwa mwenye kazi hiyo: maji ni kazi ya kaunti, na wa kuanza kuandikiwa ni mwakilishi wa wadi. Itaje jambo moja, mahali pake, wanaodhurika na kinachoombwa. Isimsifu mtu kwa asiyoyatenda, wala isiahidi kura kama bei, kwani hiyo yakaribia rushwa. Adabu si kujidhalilisha. Mjumbe ni wakili, na wakili huulizwa.

Huenda barua ya kweli ikachelewa kujibiwa, na yapasa iandikwe tena. Lakini mwenyewe aweza kuisoma mbele ya jirani zake pasina kuinamisha uso, na Siku ya Hisabu haitamgeukia.

Wabillahi tawfiq.