Hana Hakuhama Shilo



Fungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya kwanza. Wengi tunaijua kwa sababu ya Hana, yule mama aliyelia mbele za Bwana mpaka akampata Samweli. Mama zetu wa WAWATA wanaipenda sana. Ila kuna aya tunairuka, ile ya tatu. Inasema kila mwaka Elkana, mume wa Hana, alipanda kwenda Shilo kuabudu na kutoa sadaka, kisha papo hapo inatutajia makuhani waliokuwa wakihudumu huko: Hofni na Finehasi, watoto wa Eli.

Hao ni akina nani? Nenda sura ya pili. Watu wakipika nyama ya sadaka, anakuja mtumishi wa kuhani na uma wa meno matatu, anauchomeka chunguni, na chochote kitakachonaswa ni cha kuhani. Mara nyingine hawasubiri hata iive, wanaitaka mbichi, na ukikataa wanakunyang'anya kwa nguvu. Tena walikuwa wakilala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Jamani, haya hayakuandikwa na maadui wa dini. Yamo ndani ya Biblia yenyewe, tunayoibusu altareni.

Kwa hiyo Hana alikuwa akisali mahali ambapo makuhani ni wezi. Tuseme hivyo bila kuzunguka.

Nimeanza na Shilo kwa sababu ya maongezi ya likizo iliyopita, nyumbani Butiama. Kijana wa rika langu, tuliyefundishwa naye Komunyo ya Kwanza, aliniuliza kama najua kwa nini haonekani tena kigangoni. Vijana walikuwa wamebeba mawe na mchanga kwa ajili ya kanisa. Wazee walitoa walichonacho, huyu debe la mahindi, yule kuku, mwingine mbuzi. Fedha za mabati hazikuonekana. Aliyezishika akahamishwa kimyakimya, na waliouliza wakaambiwa wasilichafue Kanisa. Akaniambia, "Frateri, mimi na Mungu hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na watu wake. Na wewe si unasomea kuwa kama hao?"

Unaweza kumjibu mtu kama huyo haraka haraka kwamba sote ni wadhambi. Ni kweli, lakini kwa mtu aliyebeba mawe kichwani hilo si jibu. Ni njia ya kumwambia anyamaze.

Sisi wa Butiama tuna mtu wetu wa kumtazama katika jambo hili, na amelala pale Mwitongo. Mwalimu Julius Nyerere alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, Desemba 1943, akiwa na miaka 21. Mwaka 1955 alikuwa akifundisha Pugu, shule ya Kanisa, akatakiwa achague: ualimu au siasa. Aliacha kazi. Mtu angeweza kusema, basi, Kanisa hili haliko upande wetu Waafrika, kwaherini. Yeye aliendelea kwenda Misa, na hata alipokuwa Rais alijulikana kwa kuhudhuria Misa za asubuhi siku za kawaida, siyo Jumapili tu.

Lakini hakuwa mkimya. Oktoba 1970 alisimama New York mbele ya masista wa Maryknoll, shirika ambalo mapadre wake walikuwa wametumikia Musoma tangu 1946, akawaambia wazi kwamba Kanisa lisiposhiriki kupigana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini na kuwadhalilisha, halitakuwa na maana tena kwa watu. Hakuyasema hayo akiwa ametoka. Aliyasema kama mwana wa nyumba. (Na kwa kuwa nasema ukweli, niuseme wote: serikali yake nayo iliweka watu kizuizini bila kesi, na wapo waliohamishiwa vijijini kwa nguvu. Jimbo la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005 na leo tunamwita Mtumishi wa Mungu, lakini huko si kusema kwamba hakukosea.)

Rudi sasa kwa Hana, maana yeye alifanya vivyo hivyo miaka mingi kabla. Eli anamwona midomo ikitikisika bila sauti, anamdhania mlevi, anamkaripia. Kuhani mzee, macho mazito, hajui kutofautisha kilio na pombe! Hana anamjibu kwa adabu lakini anamsahihisha: hapana, bwana wangu, sikunywa, nina uchungu moyoni. Eli anajirekebisha, anambariki. Na baraka ya mzee yule dhaifu, aliyeshindwa hata kuwaongoza watoto wake, ikawa baraka kweli. Samweli akazaliwa.

Hapo ndipo Mtakatifu Augustino aliposimamia alipobishana na Wadonati kule Afrika ya Kaskazini. Wadonati walidai kwamba askofu aliyesaliti imani wakati wa madhulumu hana sakramenti ya kumpa mtu. Augustino akajibu kwamba akibatiza Petro, anayebatiza ni Kristo, na hata akibatiza Yuda, anayebatiza ni Kristo. Wakati nasoma falsafa niliiona hoja hii kuwa nzuri kimantiki tu. Kigangoni niliona ni chakula. Maana yake ubatizo wako haukuliwa pamoja na fedha za mabati. Ekaristi uliyoipokea haikuwa bandia.

Ila hoja hii ina hatari yake, na sitaki mtu aitumie kufunika uchafu. Aprili 1994, kule Nyange, Rwanda, Watutsi walikimbilia kanisani wakidhani nyumba ya Mungu itawaficha. Kanisa likabomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padre wao, Athanase Seromba, alishtakiwa hapa kwetu Arusha, kwenye Mahakama ya Kimataifa, na mwaka 2008 rufaa ikamhukumu kifungo cha maisha. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa Mungu kwa ajili ya dhambi za Kanisa na za watu wake katika mauaji yale. Ukimkuta mtu wa Nyange ameshindwa kuingia kanisani, usimhubirie habari za Hana. Kaa naye. Na padre, katekista au kiongozi yeyote akimdhuru mtoto, hilo si la kupelekwa jumuiya kuombewa. Ni la polisi, siku hiyohiyo.

Kwa mengine yaliyobaki, kama haya ya mabati, mtazame Samweli. Usiku Mungu anamwambia kijana mdogo maneno mazito juu ya nyumba ya Eli, mzee aliyemlea. Biblia inasema alilala mpaka asubuhi, kisha akafungua milango ya nyumba ya Bwana. Aya hii naipenda mno. Ameshajua kila kitu kuhusu nyumba ile, na bado anaamka kufungua milango. Aliogopa kumwambia Eli, lakini alipoulizwa akasema yote, hakuficha neno.

Ndiyo maana yule rafiki yangu sikumwomba asamehe kwanza. Nilimwomba arudi Jumapili na daftari. Aandike nani alitoa nini, lini, mbele ya nani, aende na wenzake wawili kwa paroko, na wasiposikilizwa wapande mpaka kwa Baba Askofu, kama Yesu alivyotufundisha katika Mathayo 18. Aliguna, akasema atafikiri. Sijamsikia bado. Kuhusu swali lake juu yangu, nilimwambia aje Misa ya kwanza, Mungu akinijalia, na daftari hilohilo.

Tumwombe:

Bwana, uliyesikia kilio cha Hana mahali penye makuhani wabaya, wasikie waliotuamini wakaumizwa. Wape sauti wale walioambiwa wanyamaze. Sisi tunaosomea altare yako, uturudi mapema, kabla hatujashika uma wa meno matatu. Amina.