Bumu Si Mshahara

Kijana alitoka Kasulu, Kigoma, na begi moja, vyeti kwenye bahasha ya kaki, na jina lake likiwa kwenye orodha ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Alikuwa amechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitanda cha hosteli hakukipata. Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa mwaka 2017, zina nafasi ya wanafunzi 3,840, na wanaozitaka ni wengi zaidi. Akapanga chumba Changanyikeni pamoja na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Sehemu yake ya kodi ya miezi sita baba yake aliilipa kwa fedha za maharage.

Bumu la kwanza, fedha ya kujikimu kutoka Bodi, likaingia: shilingi 600,000, chakula na malazi ya siku 60. Kijana hakuwahi kushika laki sita maishani mwake. Alipoziona kwenye simu alijiona tajiri.

Jioni hiyo mwenzake alikaa na kalamu na karatasi. Akatenga fungu la kodi ijayo, fungu la mchele, unga, maharage na gesi, na fungu la fotokopi. Akasema, "Dogo, lete na zako tununue chakula pamoja, kitatushika mpaka bumu lijalo."

"Kesho, kaka."

Kesho yake kijana alikuwa Kariakoo, akinunua simu ya shilingi 320,000. Wikiendi ikamkuta Sinza, kuku na chipsi mezani, akiwalipia watu ambao hata majina yao alikuwa bado anayachanganya. Kabla wiki mbili hazijaisha alibaki na 90,000. Akaona azizalishe. Akabeti mechi za mpira, mkeka ukachanika. Akaweka mwingine, nao ukachanika.

Simu mpya ikamwonyesha tangazo: mkopo ndani ya dakika tano, bila dhamana. Dhamana ilikuwepo. Programu iliomba ruhusa ya kusoma namba zote za watu aliowahifadhi, naye akakubali bila kusoma. Aliomba 100,000, ikamfikia 70,000, na baada ya siku saba alitakiwa kurudisha 100,000 kamili. Siku ya saba akakopa kwenye programu ya pili ili alipe ya kwanza, kisha ya tatu ili alipe ya pili. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kwake matanga yalianza wiki ileile ya harusi.

Wakati huo wote sufuria ya maharage ilikuwa ikichemka chumbani. Kila jioni mwenzake alimwambia, "Karibu, dogo." Kila jioni alijibu, "Nimeshakula." Hakuna neno lililomgharimu zaidi ya hilo. Angesema, "Kaka, nimekwama," angekula usiku huohuo na pengine angesaidiwa kupanga namna ya kujinasua. Aliona aibu, akalala njaa, na asubuhi akakaa darasani bila kusikia kinachofundishwa.

Aibu aliyoikimbia ikamfikia nyumbani. Wakopeshaji walituma ujumbe wa kumwita tapeli kwa mwalimu wake wa sekondari, kwa mjomba, kwa katekista wa kijijini na kwa mama yake. Mama akapiga simu: "Baba, hawa watu wanaotutukana wanataka nini?" Siku hiyo ndipo alipoeleza yote. Mama akakopa kwenye kikundi chake cha VICOBA, akatuma. Simu ya Kariakoo ikauzwa kwa nusu ya bei. Bumu la pili lilipoingia, sehemu kubwa ililipa madeni, na njaa ikaendelea palepale. Matokeo yalipotoka alikuwa na sapu mbili, mitihani miwili ya kurudia.

Wanafunzi wa namna hii wapo wengi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Biashara ya ukubwa huo inaishi kwa watu walioishiwa fedha na wanaoogopa kusema.

Mwanafunzi, Bodi inakokotoa fedha yako kwa siku, shilingi 10,000, nawe itumie kwa siku. Tumbo halisubiri awamu. Siku bumu linapoingia, lipa kwanza paa na chakula; kinachobaki ndicho chako. Nunua vyakula kwa pamoja na wenzako, maana sufuria moja ya watu watatu ni nafuu kuliko sahani tatu za kununua. Na ukumbuke kwamba bumu ni deni: utakapoajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako itakatwa kila mwezi kulirudisha. Ile karamu ya Sinza kijana wetu atailipa akiwa baba wa watoto.

Ukikwama, sema wiki hiyohiyo. Mwambie unayelala naye chumba kimoja, mwambie mshauri wa wanafunzi, mwambie mama. Mficha uchi hazai.

Nawe mzazi, ukimpigia mwanao simu usiishie kwenye masomo. Muulize amekula nini leo, na umfanye asiogope kukujibu ukweli.