Mji Ambao Hakuna Anayekujua



Siku hizi si ajabu katika vijiji vyetu vya Mtwara kusikia kwamba mtoto wa fulani yuko masomoni ng'ambo, India, China au Ulaya. Na simu ikipigwa nyumbani husikika habari hii: Ijumaa jioni alipanda basi na rafiki zake, wakaenda kutembea mji wa nchi nyingine, wakarudi Jumapili usiku. Huko Ulaya jambo hili ni jepesi. Kwa mapatano yaliyoanzia Schengen, Luxembourg, mwaka 1985, nchi nyingi za huko zimeungana katika mambo ya mipaka. Mwanafunzi mwenye kibali cha kukaa Ujerumani aweza kwenda Amsterdam au Paris bila kuomba viza nyingine.

Wazee wengine wakisikia hutikisa kichwa. Kwetu Mahurunga mpaka ni maji ya Ruvuma, na mtu huvuka kwa sababu: msiba, arusi, biashara, au kukimbia vita. Kuvuka ili kutembea tu, wanauliza, si upotevu?

Tulijibu hili kwanza, maana ni jepesi. Kutembea si dhambi. Kijana asomaye kwa bidii anahitaji pumziko, na aliyeona nchi nyingi huwa mpole zaidi katika kuwahukumu watu. Lililo la kupima ni fedha. Ikiwa ni akiba ya jasho lake, ni yake. Ikiwa ni fedha ya korosho alizouza mama yake ili ada ilipwe, hiyo si yake kuitumia kwa matembezi.

Lakini liko swali gumu zaidi, nalo ndilo nataka tulifikiri pamoja. Je, mtu hutenda mema kwa sababu moyo wake ni mwema, au kwa sababu anaonekana?

Hapa kwetu kijana hawezi kwenda hatua mia bila kuitwa kwa jina la baba yake. Shangazi anamwona, katekista anamwona, muuza samaki anamwona. Hata akivuka mto akafika Kionga, hajawa mgeni hasa. Atasalimu kwa Kimakonde, ataulizwa ukoo wake, na kabla chakula hakijaiva watakuwa wamekwisha kumpatia mjomba. Eneo lile lilikuwa chini ya Wajerumani pamoja nasi hadi mwaka 1916. Mpaka ulihama, watu hawakuhama. Amsterdam sivyo. Huko atatazamwa, pengine atatazamwa mno kwa ajili ya rangi yake, lakini kutazamwa si kujulikana.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Angalieni basi: safari ya Ijumaa hadi Jumapili hukatika kabla ya siku ya jembe. Msafiri huyo ni mgeni tangu mwanzo hadi mwisho. Hana jirani pale, hana deni, hana kesho. Ndipo mmoja katika kundi husema, "Nani atajua?" Na mwingine huleta mithali: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mithali hiyo ni njema katika mambo ya desturi, namna ya kula na ya kusalimu. Haikutolewa ili mtu afumbe jicho la dhamiri.

Amsterdam kuna mitaa ambapo wanawake hukaa nyuma ya vioo kama bidhaa dukani, na vijana wa safari za siku mbili hupita wakitazama na kucheka. Kijana anajiambia kwamba hapa hakuna anayemjua. Lakini na yule mwanamke pia, mara nyingi, ametoka nchi nyingine, yupo mahali ambapo hakuna anayemjua. Angekuwa binti wa Mahurunga, kijana angeinamisha macho. Basi heshima ile ilikuwa ya nani? Ya binti, au ya baba yake aliyesimama karibu?

Hapa sisi wazazi tusikimbilie kunyosha kidole. Mara ngapi tumemkataza mtoto kwa kusema, "Watu watasema nini?" Ni mara chache tumesema, "Jambo hili ni baya, hata asipoliona mtu." Tukimlea mtoto kwa kuogopa macho ya majirani, tusishangae akifika pasipo na majirani akajiona yu huru. Tulimpa mlinzi asiyeweza kupanda ndege.

Pwani yetu hii ina mfano bora. Machi 1866 Livingstone alifika mlango wa Ruvuma, akaona pale hapafai kushusha wanyama wake, akashukia Mikindani. Pamoja naye walikuwapo Susi, na Chuma, kijana Myao aliyeokolewa utumwani mwaka 1861 akapelekwa kusoma Bombay. Mei 1873 bwana wao alikufa kwa Chitambo, katika nchi iitwayo Zambia leo. Hapakuwa na Mzungu yeyote wa kuwasimamia. Wangaliweza kugawana mali na kutawanyika, na nani angalijua? Walimtengeneza maiti, wakaandikisha vitu vyake, wakamchukua kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, safari ya miezi tisa hivi. Na Susi alikuwa hajabatizwa bado. Alibatizwa mwaka 1886. Chuma huyo ndiye aliyeongoza misafara ya Askofu Steere kusini huku, katika kazi iliyoanzisha kituo cha Masasi mwaka 1876. Yusufu naye, aliyeuzwa Misri, alijaribiwa nyumbani mwa Potifa pasipo ndugu wala shahidi. Alikataa kwa sababu ya Mungu, na Mungu hakubaki Kanaani.

Tufanyeje? Ninyi mlio masomoni, nendeni mkatembee, lakini chagueni rafiki mmoja awezaye kusema, "Turudi," na msimcheke akisema. Jumapili isimezwe na safari: Kanisa letu la Anglikana lina nyumba Amsterdam, Brussels na Paris, na mezani pa Bwana hakuna mgeni wa siku mbili. Nasi wazazi, kijana akipiga simu, tusiulize tu, "Umeona nini?" Tumwulize pia, "Ulikaaje na watu wa huko?" Kisha tujiulize sisi wenyewe swali hilo, kuhusu saa zile ambazo hata hapa Mahurunga hakuna atuonaye.

Bwana atujuaye kwa majina atulinde, twendako na tutokako.