Nilimuuliza Habari za Hesabu

Mwaka 2018, msimu wa machungwa, nilimkuta binti wa dada yangu gulioni, huku kwetu kati ya Segera na Handeni. Alikuwa anashuka kwenye bodaboda. Hakulipa nauli. Dereva akamkabidhi mfuko wa chipsi, wakacheka, akawasha pikipiki akaondoka. Binti aliponiona aliuficha ule mfuko nyuma ya sketi ya shule, akasema, "Shikamoo mjomba." Nikaitikia, "Marahaba mama." Halafu nikamuuliza habari za hesabu, maana mwisho wa mwaka alikuwa na mtihani wa kidato cha pili.

Naandika haya kwa ruhusa yake. Alisema, andika, labda mwingine atasikia.

Bodaboda haimbebi mtu bure kila siku. Nilijua, na nilinyamaza kwa sababu nilidhani mama yake anajua zaidi yangu. Kumbe mama yake naye alikuwa ameona kwamba mtoto haombi tena hela ya matumizi, akamshukuru Mungu kuwa binti amekua, ana huruma. Baadaye akaona vitambaa vya hedhi havianikwi tena nyuma ya bafu. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akadhani siku hizi ananunua pedi za dukani. Shuleni mwalimu alimwona anasinzia kila asubuhi, akamsimamisha mbele ya darasa kwa uvivu. Kila mmoja alikuwa na alichokiona, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Binti mwenyewe alijaribu. Alikwenda zahanati akitaka kumuuliza nesi kama ni kweli mimba haiingii mara ya kwanza, maana ndivyo yule kijana aliyekuwa naye alivyomwambia. Kwenye benchi akawakuta majirani wawili, na dirisha la dawa liko palepale, kila anachosema mgonjwa kinasikika. Alipofika kwa nesi akasema kichwa kinamuuma. Akapewa panadol, akarudi nyumbani.

Inaingia. Nalisema wazi ili kijana anayesoma hapa asidanganywe: mara ya kwanza mimba inaingia, na kuoga au kunawa baada ya tendo hakuizuii.

Zamani kwetu Uzigua msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na kungwi. Sitetei yote yaliyofundishwa mle. Mengine yalimharakisha mtoto kwenda kuolewa. Lakini palikuwa na mtu aliyepewa kazi hiyo, na msichana alimjua. Siku hizi ngoma tunapiga, spika tunakodi, pilau tunapika, zawadi tunatoa, na mafundisho yenyewe hayapati nafasi. Na sisi wajomba, ambao wazee walitupa mamlaka makubwa juu ya watoto wa dada zetu, tumebaki kuitwa siku ya kupanga mahari.

Mimba ilijulikana ikiwa na miezi sita. Shule ikamwondoa. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza, na tarehe 22 Juni 2017, pale Chalinze, kwenye barabara hiihii inayokuja kwetu, Rais Magufuli alikuwa ametangaza kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi shule ya serikali. Kwa hiyo dada yangu hakuwa na mlango wa kubisha.

Tukakaa kikao cha familia kuamua tumfanye nini kijana aliyempa mimba. Tangu mwaka 1998 sheria inasema kulala na msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji, hata kama amekubali. Marekebisho ya mwaka 2016 yakaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Nayaunga mkono kabisa dhidi ya watu wazima wanaowawinda watoto wetu. Lakini niliona woga wa sheria hiyo ulivyoingia ndani ya nyumba: binti alikataa kumtaja kijana, wazee wakasema yamalizwe kifamilia, na kabla ya juma kwisha kijana alikuwa ameshahama. Mimi nilikuwa kwenye kikao kile. Hapo pia nilinyamaza, na hadi leo hilo ndilo linaloniuma kuliko lile la gulioni.

Uchungu ulimshika siku mbili. Nyonga za msichana mdogo mara nyingi hazijakomaa, na mtoto akikwama muda mrefu mama anaweza kupata fistula, akatokwa na mkojo bila kujizuia. Alifikishwa hospitali akafanyiwa upasuaji. Alipona, na mtoto akapona.

Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri Joyce Ndalichako alitangaza kwamba waliojifungua wanaweza kurudi shuleni. Nilikwenda mbio kumwambia. Alikuwa kwenye cherehani, anakunja upindo wa sare ya shule ya mtoto wa mtu. Hakuinua macho. Akasema, "Mjomba, nitakaaje na watoto wale?"

Na si yeye peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba. Ule wa 2015–16 ulikuwa umekuta 27. Imepungua, lakini hebu hesabu wasichana wa kitongoji chako.

Ndugu zangu, tuulize mapema, na tuwaulize wavulana pia, ambao tumewaacha wafundwe na simu na vijiwe vya bodaboda. Waambieni kondomu inazuia mimba na VVU kwa pamoja. Waambieni kuna vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, na kuna dawa za kuzuia VVU kwa aliyebakwa; vyote viwahiwe ndani ya saa 72, na kadiri mtu anavyowahi ndivyo vinavyosaidia zaidi. Tangu mwaka 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila kuomba ridhaa ya mzazi. Na wauguzi wetu, nawaomba: mtoto wa shule akija peke yake na kichwa kinachouma, mwiteni pembeni, mbali na lile benchi.

Mdogo wa binti yule sasa yuko kidato cha kwanza. Mwezi uliopita alikuja kwetu Jumamosi, mimi na mke wangu tumekaa uani tunapukuchua mahindi. Sikumuuliza hesabu. Nilimuuliza nani anampa lifti akitoka shule. Alinyamaza muda mrefu, anachezea punje za mahindi, kisha akasema, "Mjomba, nikiuliza kitu hamtanigombeza?"

Mke wangu akausogeza ungo pembeni, akampisha kwenye mkeka.