Wingu la Siku Nyingine

Mlima Ben Nevis, ulioko Uskoti, una mita 1,345 tu, nao wapita milima yote ya Britania kwa urefu. Pepo zenye unyevu zitokazo bahari ya Atlantiki huupanda, zikapoa, zikawa mawingu na mvua. Toka 1883 hadi 1904 palikuwapo kileleni kituo cha kupima hali ya hewa, na waliokaa humo waliona ukungu siku nyingi kuliko weupe.

Basi, mpiga picha apandaye usiku na mzigo wake, akangoja hata adhuhuri asipate ila ukungu, afanye nini? Kwa mitambo ya leo aweza kutia katika picha yake mbingu ya siku nyingine. Ujanja huu si mpya. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha picha mbili, ya bahari na ya mawingu, kwa kuwa dawa za wakati ule hazikuweza kuzishika zote pamoja. Na mwaka 2012 mshindi wa shindano kubwa la picha za mandhari huko Britania alivuliwa ushindi, kwa kuwa picha yake ilitengenezwa kupita kanuni.

Je, ni kosa? Mchoraji achoraye wingu alipendalo hamdanganyi mtu, kwani hasemi, "Nimeliona." Lakini picha ya kamera huaminiwa kama shahidi. Mwenye kusema wazi kwamba ameunganisha hana hatia. Mwenye kunyamaza ili asifiwe ashuhudia asichokiona, na Amri ya Nane yamhusu.

Tena madhara yapo. Aonaye daima picha za mlima ung'aao aweza kuupanda bila koti, na huko juu baridi huzidi, na ukungu hufunga njia kwa dakika chache.

Lakini aliyepata hasara kubwa ni mpiga picha mwenyewe. Ukungu ule nao ni kazi ya Muumba, naye ameukataa. Kungoja kungalimfundisha kwamba nuru ni zawadi, wala si mali yake. Heri arudi nyumbani mikono mitupu na ulimi wa kweli.

Nasi sote tuchukuao kamera katika simu zetu, kabla ya kumwonyesha jirani picha, yatupasa kujiuliza: Je, haya tuliyaona?